Nebula ya Jabari iliyotoka ya kahawia: tatizo ni lenzi au ni uchakataji?

Swali la msomaji: "Shikamoo mtaalamu. Nina kamera ya kawaida yenye kihisi cha APS-C, lenzi ya milimita 200 na mashine ndogo ya kufuatilia nyota. Nilipiga picha 40 za Nebula ya Jabari (wingu la gesi na vumbi katika kundi-nyota la Orion), kila moja ya sekunde 60 kwa ISO 1600, kisha nikazipandanisha, yaani kuziunganisha ziwe picha moja, kwa programu ya DeepSkyStacker. Faili lililopatikana lilikuwa jeusi karibu lote. Nilipoongeza mwangaza, katikati pakawa peupe kabisa, pembezoni pakawa na rangi ya kahawia iliyojaa chenga, pembe za picha zikabaki na giza, na nyota zote zikawa nyeupe. Je, ninunue darubini? Na zile rangi tunazoziona katika picha za wengine ni za kweli au zimepakwa?"

Marahaba, ndugu msomaji. Darubini usiinunue bado. Kwa maelezo uliyoyatoa, faili ulilonalo lina nebula zaidi ya ile uliyoiona, na kasoro ulizozitaja zinatokana na mambo mawili: mwanga uliokusanywa ni wa muda mfupi, na hatua za uchakataji hazikufuatana inavyopaswa, kwa kuwa uliongeza mwangaza kabla ya kuondoa yale ambayo si nebula. Lenzi ya milimita 200 inakufaa sana. Pamoja na kihisi cha APS-C inaonyesha eneo la anga lenye upana wa karibu nyuzi 6 na nusu, ilhali M42, ambayo ndiyo Nebula ya Jabari, ina upana wa takriban nyuzi 1, yaani mara mbili ya Mwezi mpevu. Ukiielekeza kamera vizuri, picha hiyohiyo itaipata pia Nebula ya Kichwa cha Farasi, iliyo nyuzi kama 3 kaskazini ya M42. Darubini ndefu ingekunyima mandhari hayo yote kwa mkupuo mmoja.

Ili hatua nitakazozieleza zieleweke, ni lazima kwanza tujue mwanga huu ni wa namna gani. M42 iko umbali wa takriban miaka ya nuru 1,350. Ndani yake kuna kundi la nyota changa zenye joto kali, na kubwa miongoni mwao, Theta-1 Orionis C, hutoa miali ya urujuanimno inayong'oa elektroni kutoka kwenye atomu za haidrojeni. Elektroni zinaporudi na kushuka ngazi kwa ngazi ndani ya atomu, hutoa mwanga wenye urefu maalumu wa wimbi, hasa nanomita 656.3, ambao ni wekundu uliokolea uitwao haidrojeni-alfa. Oksijeni iliyopoteza elektroni mbili nayo hutoa kijani kinachoelekea buluu kwenye nanomita 500.7. Mwanaastronomia William Huggins aliuona mwanga wa namna hii mwaka 1864 alipoielekezea spektroskopu, kifaa kinachotenganisha mwanga kuwa mistari ya rangi, nebula ya NGC 6543 na kutambua kwamba ni gesi. Kwa kuwa mstari ule wa kijani haukulingana na elementi yoyote iliyojulikana, ilidhaniwa kwa miaka mingi kuwa kuna elementi mpya, hadi mwanafizikia Ira Bowen alipoonyesha mwaka 1927 kuwa ni oksijeni ile ile tuijuayo, ila katika hali ya utupu mkubwa ambayo ni vigumu kuipata maabarani.

Hapo ndipo jibu la swali lako la pili linapoanzia. Rangi iko ndani ya gesi yenyewe. Macho yetu hayaioni kwa sababu chembe za jicho zinazofanya kazi gizani hazitofautishi rangi, na ndiyo maana mtu anayechungulia darubini huona ukungu wa kijivu, au pengine wenye dalili ya kijani katikati. Kamera haina upungufu huo, lakini ina wake: mbele ya kihisi cha kamera ya kawaida kuna kioo cha kuchuja miali ya infraredi, na kioo hicho huzuia sehemu kubwa ya haidrojeni-alfa, kiasi kwamba mara nyingi ni robo tu au chini yake inayopita. Nebula yako, kwa hiyo, itaelekea kuwa ya waridi na zambarau badala ya nyekundu, na hilo si kosa lako.

Sasa tuje kwenye muda, ambao kwa maoni yangu una uzito kuliko kifaa chochote. Picha 40 za sekunde 60 ni dakika 40. Ishara ya nebula hukua sawasawa na muda, lakini chenga, yaani mabadiliko ya kubahatisha ya mwangaza kati ya pikseli na pikseli, hukua kwa kipeuo cha pili cha muda, kwa hiyo ubora wa picha, yaani uwiano wa ishara kwa chenga, nao huongezeka kwa kipeuo cha pili. Ukitaka ubora uongezeke mara mbili unahitaji muda mara nne: dakika 160. Ukitaka mara tatu, saa 6. Hakuna mpangilio wa kamera unaoikwepa hesabu hii, na kuongeza ISO hakuongezi hata fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga. Henry Draper alipopata picha ya kwanza ya nebula hii hii tarehe 30 Septemba 1880, aliuacha mwanga uingie katika bamba moja kwa takriban dakika 50, akapata sehemu angavu peke yake. Miaka mitatu baadaye Andrew Ainslie Common, kwa darubini yenye kioo kikubwa zaidi, alipata nyota ambazo jicho halikuwahi kuziona hata kwa darubini. Faida yako juu yao ni kwamba unaweza kujumlisha picha za usiku huu na za usiku mwingine, hata za mwezi mwingine, mradi lenzi na mwelekeo vimebaki vilevile kwa kadiri inavyowezekana. M42 hufika juu kabisa usiku wa manane katikati ya Desemba; kwa hiyo una miezi kadhaa ya kuikusanya, katika saa ambazo Jua limeshuka zaidi ya nyuzi 18 chini ya upeo wa macho na Mwezi haupo.

Mahali pa kupigia picha ni sehemu ya hesabu hiyohiyo. Mwanga wa taa za mji unaotawanyika angani huingia katika kila pikseli pamoja na nebula, na ingawa wastani wake unaweza kutolewa baadaye, chenga zake hazitolewi. Saa 1 chini ya anga lenye giza la kweli inaweza kuzidi saa nyingi chini ya anga la mji. Rangi ya kahawia unayoilalamikia ndiyo hiyo: ni anga lako.

Kuhusu urefu wa kila picha, sekunde 60 zinatosha. Kigezo ni histogramu, ile grafu ya kamera inayoonyesha pikseli ngapi ziko kwenye kila kiwango cha mwangaza, tangu giza kushoto hadi mwanga kulia: kilima chake kiwe kimeachana na ukingo wa kushoto, kwenye robo ya kwanza hivi, kisha hapo hakuna faida kubwa ya kuongeza. Ila M42 ina tabia ya pekee, kwa kuwa kitovu chake kinazidi mbawa zake za nje kwa mwangaza mara mia nyingi. Sekunde 60 zinazofaa kwa mbawa huzijaza pikseli za kitovu hadi ukomo, na pikseli iliyojaa haina habari tena ndani yake. Huwezi kuirudisha kwa programu yoyote. Piga, basi, mafungu mengine mawili mafupi, la sekunde 5 na la sekunde 20, picha 20 au 30 kwa kila fungu. Mafungu hayo yatakula muda mchache mno, na ndiyo yatakayokupa nyota nne angavu zilizo kitovuni zikiwa zimeachana.

Fokasi na mhimili nitavipitia kwa haraka. Zima fokasi ya kujiendesha, lenga nyota angavu, ikuze kwenye skrini, na utumie kifuniko cha Bahtinov, chenye mipasuo na kinachowekwa mbele ya lenzi, ili mistari mitatu ya mwanga ikutane sawasawa katikati. Rudia kila baada ya saa moja kwa sababu lenzi husinyaa jinsi usiku unavyopoa. Mhimili wa mashine ya kufuatilia uelekee ncha ya anga kwa uangalifu. Upana wa anga unaoingia katika pikseli moja, kwa sekunde za tao (sekunde 3,600 za tao ni nyuzi 1), ni 206 mara ukubwa wa pikseli kwa mikromita, gawanya kwa milimita za lenzi: pikseli ya mikromita 4 kwa lenzi yako inatoa kama sekunde 4 za tao. Anga huzunguka sekunde 15 za tao kila sekunde moja, kwa hiyo bila mashine hiyo nyota ingevuka pikseli kama 220 katika picha moja ya dakika. Ukiona nyota zimekuwa ndefu kidogo kwa upande mmoja katika picha zote, shughulikia mhimili kabla ya kufikiria jambo lingine.

Pembe zako zenye giza zina dawa yake, na naona hukuitumia. Kila lenzi hupeleka mwanga mwingi katikati kuliko pembeni, na kila chembe ya vumbi juu ya kihisi hutia kivuli. Picha za mwanga sawa ndizo hupima upungufu huo: mara umalizapo kazi, bila kugusa fokasi, bila kubadili tundu la lenzi na bila kuigeuza kamera, funika lenzi kwa kitambaa cheupe kilichonyooshwa, ielekezee mwanga laini usio na madoa, na upige picha 30 ambazo histogramu yake iko karibu na katikati. Programu itagawanya picha zako kwa hizo, na mwangaza utakuwa sawa tangu katikati hadi pembeni. Ugawanyaji huu ni tofauti kabisa na kutoa, nami nakuomba uzingatie tofauti hiyo, kwa sababu watu wengi hujaribu kuziondoa pembe za giza kwa zana ya kutoa mwanga wa anga, wakapata picha iliyo sawa kwa macho lakini nebula yake imefifia pembeni bila wao kujua. Picha za giza, zinazopigwa lenzi ikiwa imefunikwa, kwa muda na ISO zilezile, hupima joto la kihisi na pikseli zinazong'aa zenyewe. Zipige usiku huohuo, kwa kuwa joto likibadilika nazo hubadilika. Zima pia ile huduma ya kamera ya kupunguza chenga katika picha ndefu, kwa sababu kila baada ya picha moja kamera hujipigia picha yake ya giza na kukupotezea nusu ya usiku.

Jambo moja zaidi la uwanjani ni kuisogeza kamera pikseli chache kila baada ya picha kadhaa. Nebula itapatanishwa na programu wakati wa kupandanisha, lakini kasoro za kihisi zitaangukia mahali tofauti kila mara na kutupwa kama takwimu zisizolingana na nyingine. Ukiona michirizi ya chenga inayofuata upande mmoja kama mvua, jua kwamba hukusogeza.

Upandanishaji wenyewe haunipi shaka kwako. DeepSkyStacker inafaa, na Siril, ambayo nayo ni ya bure, inafaa zaidi kwa hatua zitakazofuata. Tumia faili ghafi (RAW), wala si JPEG, kwa sababu faili ghafi la kamera nyingi lina ngazi 16,384 za mwangaza kwa kila pikseli ilhali JPEG ina 256 tu, na nebula yako hafifu yote inaishi katika ngazi chache za chini. Chagua wastani wenye kukataa takwimu zilizopotoka, ili michirizi ya setilaiti na ndege ifutike.

Faili linalotoka hapo litakuwa jeusi, kama ulivyoona, na weusi huo si kasoro. Thamani ya kila pikseli bado ina uwiano wa moja kwa moja na idadi ya fotoni zilizoingia, na maadamu uwiano huo upo, faili ni kipimo. Mara unapoongeza mwangaza kwa mkunjo, uwiano huvunjika na haurudi. Kwa hiyo kazi zote zinazotegemea hesabu ya mwanga hufanywa kabla ya hapo, na hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote katika jibu hili. Mwanga wa taa ulijijumlisha juu ya nebula, basi unaweza kutolewa kwa hesabu ileile ya kutoa, lakini ni katika faili lenye uwiano tu. Ukishaukunja mwangaza, kutoa kiasi kilekile hakutaondoa tena mwanga uleule kila mahali, na nebula hafifu inaweza kupotea pamoja na anga.

Anza, basi, kwa kukata kingo ambazo picha hazikupishana kikamilifu. Kisha ondoa mteremko wa mwanga wa anga, kwa zana iliyomo ndani ya Siril au kwa programu ya GraXpert. Hapa inahitajika busara, kwa kuwa eneo lote la Jabari limejaa vumbi na gesi hafifu, na pointi ya sampuli utakayoiweka juu ya vumbi hilo itaifundisha programu kwamba vumbi ni uchafu. Weka pointi chache, mbali na nebula, na uchague mteremko rahisi wa digrii ya kwanza, yaani ulionyooka. Kama anga baada ya hapo lina madoa meusi kuizunguka M42, umeondoa kupita kiasi, rudi nyuma. Baadaye sawazisha rangi kwa kutumia nyota: Siril inaweza kuzitambua nyota za picha yako, kulinganisha rangi zake na vipimo vya setilaiti ya Gaia, na kurekebisha njia tatu za rangi kwa kipimo badala ya kukisia. Hapo kahawia itaondoka. Programu nyingi zina pia kitufe cha kuondoa kijani. Kitumie kwa kiasi kidogo mno, kwa kuwa kitovu cha M42 kina oksijeni ile ya nanomita 500.7, na kukiondolea kijani chote ni kufuta jambo ambalo Bowen alilieleza.

Sasa ndipo unapotanua mwangaza, kidogo kidogo, mara kadhaa, huku ukiangalia histogramu. Tumia kwanza utanuzi wa arcsinh, unaoongeza mwangaza bila kubadili uwiano wa nyekundu, kijani na buluu, nao utakurudishia nyota za buluu na za rangi ya chungwa badala ya hizo nyeupe ulizozipata. Usilifanye anga kuwa jeusi tii. Anga la kweli lina mwanga kidogo, na ukiusogeza ukomo wa weusi hadi uguse kilima cha histogramu, gesi hafifu ndiyo ya kwanza kukatwa. Mafungu mafupi uyapandanishe na kuyatanua kwa hatua hizohizo, kila moja peke yake, kisha katika programu ya kuhariri kama GIMP yaweke kama tabaka juu ya picha kuu na ufunue kitovu pekee, kwa mpaka mpana uliolainishwa.

Kuhusu programu zinazotenganisha nyota na nebula, kama StarNet, nazikubali, kwa kuwa hukuwezesha kuitanua nebula bila kuzivimbisha nyota. Ila uangalie picha ya nyota peke yake, kwani vifundo vidogo vya gesi huchukuliwa kimakosa kuwa nyota. Zile zinazofuta chenga na kunoa kwa akili bandia zinanitia wasiwasi zaidi. Zikilazimishwa, huchora nyuzinyuzi za gesi ambazo hazipo angani. Kipimo ninachokisisitiza ni hiki: gawanya picha zako katika mafungu mawili, zile zenye namba shufwa na zile zenye namba witiri, pandanisha kila fungu peke yake, kisha yachakate kwa hatua zilezile. Unyuzi wa gesi unaoonekana katika mafungu yote mawili unaweza kuuamini, na ule unaoonekana katika moja tu usiuonyeshe kwa watu.

Ama zile picha zenye dhahabu na buluu, mfano wake maarufu ni nguzo za gesi za nebula M16 zilizopigwa na darubini ya Hubble mwaka 1995, ambako mwanga wa salfa uliwekwa kwenye nyekundu, haidrojeni kwenye kijani na oksijeni kwenye buluu. Salfa na haidrojeni zote ni nyekundu zikiangaliwa kama zilivyo, na zisingetofautishwa. Rangi hizo hazikupakwa kwa brashi. Kila moja ni kipimo cha mahali gesi fulani ilipo, na mpiga picha anayesema wazi ni mpangilio gani ametumia hajamdanganya mtu. Anayeongeza wekundu mahali ambapo kihisi hakikupima chochote, huyo ndiye aliyepaka.

Ukishakusanya saa 4 au 5 na kuzichakata kwa mpangilio huu, ununuzi wa kwanza wenye maana ni kuondolewa kwa kile kioo cha mbele ya kihisi na kuwekewa kingine kinachopitisha haidrojeni-alfa, kazi ifanywe na fundi anayeijua. Wa pili ni kichujio kinachopitisha haidrojeni-alfa na oksijeni tu, hasa kama unaishi mjini. Lakini kichujio hicho hakitakusaidia kwa nebula zinazoakisi tu mwanga wa nyota, kama M78 au ukungu wa buluu unaoizunguka Kilimia, kwa sababu mwanga wao umeenea katika rangi zote.

Darubini itahitajika siku utakapotaka nebula ndogo, mfano M57, ambayo upande wake mrefu ni kama dakika 1.4 za tao. Kwa lenzi yako itachukua pikseli 20 tu, na kwa darubini ya milimita 1,000 itachukua kama 100. Utakapofika huko, fedha nyingi zaidi ziende kwenye stendi ya kufuatilia na kamera ndogo ya kuiongoza, kwa sababu kosa la mwendo linalokula pikseli moja leo litakula pikseli tano kwa urefu huo.